Fundi Giza na Mkono wa Mpiga Chapa

Mama mkwe akimsifu mke wa mwanawe mbele za watu, ama amelewa ama anasema kweli. Mimi pombe siijui. Kwa hiyo vuta kiti, nikueleze habari za mkaza mwanangu.

Mtaani wanamwita Fundi Giza. Jina hilo hakujipa mwenyewe, amelipata kwa sababu ya swali lake. Mtu akiingia dukani ameikumbatia kompyuta yake ya mapajani kama mtoto mwenye homa, akasema, "Fundi, imekufa," yeye hashtuki wala hanyanyui bisibisi. Anauliza tu, "Giza lake ni giza gani?"

Mteja hubaki amekodoa macho. Giza si giza tu? Hapo ndipo somo linapoanza, na mimi nimelisikia mpaka naweza kulitoa nikiwa usingizini. Kuna giza tupu: umewasha, hakuna taa, hakuna mlio, feni kimya. Hapo usikisingizie kioo, kaangalie chaji na betri. Kuna giza lenye watu: mashine inanguruma vizuri, kioo cheusi, lakini ukimulika tochi kwa ubavu unaona vivuli vya picha vimo humo ndani vinakutazama. Picha ipo, iliyokufa ni taa ya nyuma ya kioo. Halafu kuna giza la kigeugeu: ukiinua kifuniko hivi picha inakuja, ukikishusha kidogo inatoweka. Hilo ni la waya, ule mwembamba unaopita kwenye bawaba, umechoka kukunjwa na kukunjuliwa kila siku.

"Mama," aliniambia siku moja, "watu wanasema imekufa kwa sababu tu hawaoni kitu."

Nikamwambia hata mume wako akiwa safarini na lori lake simwoni, na bado anakula kama kawaida. Akacheka mpaka skrubu zikamwagika.

Duka letu ni chumba kimoja chenye mlango mpana unaotazama barabara. Upande wa kulia ni mimi: kabati la vioo, vifungo, zipu, lastiki, sindano, nyuzi za kila rangi. Upande wa kushoto ni yeye: meza, taa ya shingo ndefu, mkeka wa mpira wa kijani, tochi, na kitambaa laini cha kufutia vioo, ambacho ole wako ukifutie jasho. Skrubu anazipanga kwenye trei ya mayai, kila shimo na sehemu yake, maana skrubu ndefu ikiingia mahali pa fupi inaweza kutoboa kioo kutoka nyuma, na hapo umeua mgonjwa aliyekuja na mafua. Kuna siku nilitaka trei ile niiwekee mayai. Alinitazama tu. Nikairudisha taratibu mahali pake.

Mwanangu alipomleta nyumbani mara ya kwanza, wifi zangu waliona bisibisi ndani ya mkoba wake wakaanza kunong'onezana. Mke gani huyu? Ameletwa kung'oa meno ya nani? Nikawaambia kwa sauti, "Huyu ndiye anayesubiriwa na redio mbovu ya nyumba hii." Naye hakuona haya. Alitandika gazeti mezani, akaifungua redio, na kabla chai haijapoa ikaimba. Nilimpenda siku hiyo hiyo wala sikuona sababu ya kuficha. Wifi zangu walikunywa chai yao kimya kama waliofiwa.

Ufundi alisomea chuoni, darasa la umeme, mwanamke peke yake katikati ya wanaume waliokuwa wakimwachia kazi ya kufagia. Alifagia, huku akiangalia wanachofanya. Baadaye akaajiriwa karakana ya televisheni, zile nene zenye mgongo. Zilipokwisha akahamia nyembamba, na nyembamba zikampeleka kwenye kompyuta. Kila kitu chenye kioo kinachowaka, amekwisha kukifungua tumbo.

Na wateja anao wa kila namna. Kuna mzee mmoja alikuja na kompyuta ameibeba kichwa chini miguu juu. Picha ilikuwa imepinduka, mtu amebonyeza vitufe asivyovijua, naye badala ya kuitengeneza akaamua kuigeuza mashine nzima, akawa anasomea namna hiyo wiki nzima, kifuniko chini, vitufe vimemning'inia usoni. Fundi alibonyeza vitufe viwili, picha ikakaa sawa. Kuna mwalimu alilia kioo chake kimekufa, kumbe mwanawe alikuwa amepunguza mwanga mpaka mwisho. Mkaza mwanangu huwa hawacheki. Anasema mtu akiaibika leo, kesho ataificha mashine mpaka iharibike kweli, na mficha uchi hazai. Anayecheka ni mimi, tena nacheka kwa niaba ya duka zima, lakini nasubiri mteja apinde kona.

Sasa nikueleze ya Mpiga Chapa, maana hiyo ndiyo iliyonifanya nifungue mdomo leo.

Ni mwanamke wa makamo, anakaa mtaa wa pili na watoto wake wawili, baba yao hayupo na tusimzungumzie. Kazi yake ilikuwa kuandikia watu kwa kompyuta pale kwenye duka la kopi linalotazamana na shule. Vidole vyake vikianza, utadhani mvua imeshuka kwenye bati. Alikuja kwetu mara ya kwanza na giza la kigeugeu, la waya. Fundi akabadilisha waya, mashine ikapona, akaondoka akiwa na furaha, na mlangoni akatuambia sababu ya furaha yenyewe. Kuna kampuni inaajiri watu wa kusikiliza mikutano iliyorekodiwa na kuandika kila neno linalosemwa. Unafanyia kazi nyumbani kwako, una mkataba, una likizo. Ila lazima ufanye mtihani kwa kompyuta, wao wanakuangalia kwa kamera, na mtihani haurudiwi.

"Nimeandikia watu maisha yangu yote," alisema. "Nikipata hii, sitasimamiwa tena na mtu kichwani."

Basi akaanza kufanya mazoezi. Hazikupita siku nyingi, huyo amerudi.

"Fundi, imekufa tena."

Aliiacha mezani, akakimbilia kazini kwake. Mkaza mwanangu akaiwasha. Inawaka. Akaiandikia, akaitikisa, akakipandisha kifuniko na kukishusha. Inawaka tu. Akaifungua, akakagua waya wake aliouweka kwa mkono wake, akaubadilisha kwa mwingine ili moyo utulie. Mchana kutwa ilikaa pale inawaka kama kawaida. Jioni Mpiga Chapa akaichukua. Nilimwona mkaza mwanangu anavyofuta meza ile ile mara ya pili. Hajazoea kutoa mashine nje bila kujua ilikuwa inaumwa nini.

Mara ya tatu alikuja mchana, siku moja kabla ya mtihani. Hata hodi hakupiga. Aliweka kompyuta mezani, akakaa, akaanza kulia. Nikaacha kuhesabu vifungo.

"Pole mwanangu. Kuna nini?"

"Nimefukuzwa, mama."

Akatueleza. Kompyuta yake nyumbani ilikuwa inazima kila akianza kuandika. Sawa, akasema ni ubovu. Lakini hata kwenye duka la kopi imekuwa hivyo hivyo. Akikaa yeye, kioo kinazima. Akikaa mwenzake, kinawaka. Akihamia mashine ya jirani, nayo inazima. Leo mwenye duka amemsimamisha mbele ya wateja akamwambia, "Wewe mkono wako mbaya. Una mkosi. Nenda nao nyumbani kwako kabla hujanimalizia mashine." Na kiti chake ameshampa mtu mwingine.

Damu ilinichemka. Nikainama kutafuta viatu vyangu.

"Mama, unakwenda wapi?" akauliza mkaza mwanangu.

"Nakwenda kumwonyesha mkono mbaya unavyofanana!"

"Kaa kwanza, mama."

Nikakaa. Lakini nisikudanganye: niliposikia habari ya mashine ya tatu, nilikisogeza kiti changu nyuma kidogo. Mimi ni binadamu, na kabati langu la vioo ni jipya.

Mpiga Chapa akafuta macho. "Kesho ndiyo mtihani. Nimekuja tu kukuambia, fundi, usijilaumu. Kazi yako haina kasoro. Tatizo ni mimi. Nitawaandikia kwamba siji."

"Utafanya mtihani," akasema mkaza mwanangu.

"Kwa mkono huu?"

"Kwa mkono huo huo."

Sijawahi kumsikia akimwahidi mteja kitu. Siku zote ni "tutaangalia". Nikajua ama ameona jambo, ama amekasirika. Kumbe alikuwa amekasirika.

"Mimi ndiye niliyekosea," akasema, na akainuka kutoka kwenye kiti chake. "Mara zote nimeijaribu mashine, sijakujaribu wewe. Njoo ukae hapa. Iweke kama unavyoiweka kwako, kaa kama unavyokaa kwako, andika kama unavyoandika."

Mpiga Chapa akakaa. Akaweka vidole, akaanza, mvua kwenye bati. Haukupita mstari mmoja, kioo kikazima. Giza.

"Unaona?" akasema, akauficha uso wake kwa mikono yote miwili.

Kioo kikawaka.

"Wee!" nikapiga kelele. "Ina macho?"

"Rudisha mikono," akasema mkaza mwanangu, sauti imeshuka.

Akairudisha. Kikazima. "Ondoa." Kikawaka. Akamwinua, akakaa yeye mwenyewe, akaandika ukurasa mzima. Kinawaka. Akaniita mimi. Nilikwenda shingo upande, nikaandika jina langu kwa vidole viwili kama kuku anayedonoa. Kinawaka. Mpiga Chapa alikuwa anatutazama kama mtu anayesomewa hukumu. Kwake yeye tulikuwa tunathibitisha tu maneno ya mwenye duka.

Lakini mkaza mwanangu hakuwa anaangalia kioo tena. Alimrudisha kwenye kiti. "Weka mkono wa kulia peke yake." Kinawaka. "Utoe. Weka wa kushoto." Kikazima.

Akauinamia mkono ule kama anavyoinamia bawaba. Akapandisha mkono wa blauzi. Pale kwenye kifundo palikuwa na bangili, pana, ya rangi ya shaba, yenye vidonge vyeusi kwa ndani.

"Dada, hii umeanza kuivaa lini?"

"Hii? Tangu nilipoanza mazoezi. Kifundo kilikuwa kinaniuma sana usiku. Mchuuzi wa pale stendi aliniambia inavuta maumivu."

"Inavuta maumivu," akarudia polepole. "Mama, nipe sindano."

Nikampa kiboksi kizima. Akaweka sindano moja kwenye ule mkeka wa kijani, akauchukua mkono wa Mpiga Chapa, akausogeza taratibu. Sindano ikaruka. Iliruka yenyewe, haki ya Mungu, ikanata kwenye bangili.

"Sumaku!" nikasema. Hata mimi muuza sindano najua sumaku.

Hapo ndipo mkaza mwanangu akavuta pumzi na kutueleza. Kompyuta hizi ukizifunika zinalala zenyewe, zisimalize betri. Zitajuaje kwamba zimefunikwa, na hazina macho? Kwenye kifuniko kumefichwa sumaku ndogo. Chini, karibu na pale unapolaza kiganja, kuna kitu kidogo kinachoisubiri. Kikiihisi sumaku imekaribia, kinasema, haya, tumefunikwa, zima kioo, tulale.

"Kwa hiyo wewe, dada, kila ukilaza mkono uandike, mashine inadhani umeifunika. Inakutii. Ukiondoa mkono inaamka. Zile za dukani nazo hivyo hivyo, kwa sababu ni za mapajani kama hii. Ungekaa kwenye zile kubwa za mezani usingeona kitu."

"Si mkosi?"

"Ni sumaku."

"Kikulacho ki nguoni mwako!" nikasema mimi, na kicheko kikanishika, sikungoja mtu apinde kona. Nilicheka mpaka nikajishikilia kwenye kabati.

Mpiga Chapa hakucheka. Aliing'oa ile sindano kwenye bangili, akaiachia. Ikaruka ikanata. Akaing'oa tena, akaiachia tena. Halafu akasema, haijulikani anamwambia nani, "Nyumbani kwetu kikombe kikivunjika, walikuwa wanauliza nani alikishika mwisho. Nikisema ni mimi, wanasema, ndiyo maana. Hakuna aliyewahi kuuliza kikombe chenyewe kilikuwaje." Kicheko kilinikauka mdomoni. Nilimwonea huruma mwanamke yule, huruma ya kuuma kabisa, nikamshika bega nikaliacha hapo.

Akaivua bangili. Lakini tatizo likaja lile la kwanza: bila bangili atawezaje, na kifundo kinauma? "Ikifika katikati vidole vinakufa ganzi," akasema.

Hilo halikuwa la fundi, lilikuwa langu. Nikakata lastiki pana, ile ya kiunoni, laini, nikamfunga kifundo kwa kuzungusha, si ya kukaba, ya kushikilia tu, nikaishonea hapo hapo mkononi. Nimeshona na kuuza miaka mingi, vifundo vya mikono navijua kuliko mchuuzi wa stendi. Naye mkaza mwanangu akaingia kwenye mipangilio ya mashine akaiambia isilale hata ikifunikwa. "Sasa hata uvae bangili kumi," akasema. "Na kesho usifanyie nyumbani. Njoo ufanyie hapa, nikuone."

Alipoondoka, nikavaa viatu vyangu. Safari hii hakunizuia. Nilikwenda duka la kopi na ile bangili mfukoni. Palikuwa na wateja, vizuri, ndio niliowataka. Nikamwambia mwenye duka, "Baba, kaa uandike." Akakaa. Nikamvisha bangili mkono wa kushoto kabla hajajua nataka nini. Kioo kikazima. "Ah! Na wewe mkono wako mbaya?" nikamuuliza. "Basi nenda nao nyumbani!" Watu wakacheka, naye akakuna kichwa, akasema kumbe, akasema basi, yamekwisha. Nikamwambia kwako ndiyo yamekwisha, mwenzako hajalala. Kiti hakumrudishia, na wala sikwenda kumwombea kiti. Nilikwenda kwa ajili ya yale maneno yake tu.

Kesho yake asubuhi Mpiga Chapa alikuja amevaa vizuri, nywele amezifunga nyuma, mdomo mkavu. Mkaza mwanangu alikuwa ameshaondoa kila kitu mezani isipokuwa taa. Kompyuta ikawekwa, kamera ikaangaliwa, mtu wa kampuni akatokea kwenye kioo, mwanamke mwenye miwani na sauti ya kupima maneno. Mpiga Chapa akavaa visikilizi masikioni. Mimi nikakaa mlangoni na kazi yangu moja: kunyamazisha dunia. Mwenye kutaka zipu alinionyesha kwa kidole, nikampa kwa kidole. Jirani alikuja kuanzisha umbea wake, nikamwonyesha ngumi. Akaelewa.

Mwanzoni yule mwanamke wa miwani alitoa maelezo marefu, marefu mno. Mpiga Chapa alisikiliza amekunja mikono mapajani, hagusi kitu. Ghafla kioo kikafifia, kikawa cheusi.

Nilimwona alivyofanya. Hakupiga kelele, hakugeuka. Aliitazama mikono yake tu, akaigeuza viganja juu, kama anayeiuliza mmenifanyia nini tena. Nikamwangalia mkaza mwanangu, naye amekaa pale kwenye kona, hana habari, ametulia kama mtu anayesubiri maji yachemke. Akainua kidole kimoja, akakishusha: gusa.

Mpiga Chapa akagusa. Kioo kikawaka. Ilikuwa imefifia kwa kukaa bila kuguswa, basi, kama mashine zote duniani zinavyofanya.

Halafu mtihani ukaanza, na mvua ikashuka. Nilidhani naijua mvua ile, siku ile ndiyo niliijua. Mkaza mwanangu alifumba macho akisikiliza. Katikati kweli nilimwona Mpiga Chapa akiukunja uso, nikajua ganzi imefika, akakitikisa kifundo mara moja, akaendelea. Lastiki yangu ilikuwa imeshikilia. Sikujua kama naomba Mungu au namwapiza mchuuzi wa stendi, yote yalikuwa yanatoka pamoja.

Alipomaliza, akavua visikilizi, na sauti ya yule mwanamke ikajaa dukani. Akasema ngoja kidogo. Tukangoja. Nilisikia karatasi zikigeuzwa huko kwake. Mpiga Chapa alikuwa amekaa wima, mikono juu ya meza, mbele ya macho ya watu, wala haifichi.

"Nimepitia kazi yako," akasema yule mwanamke. "Una kasi kuliko wote tuliowapima wiki hii, na makosa sijayaona. Tungependa uanze Jumatatu."

Mpiga Chapa akasogea karibu na kioo.

"Samahani," akasema, "sauti inakatika. Naomba urudie."

Yule mwanamke akarudia, neno kwa neno, polepole zaidi.

"Bado inakatika kidogo. Tafadhali."

Mkaza mwanangu akashtuka. Tangu asubuhi hajatikisika, lakini kusikia mashine yake ina kasoro, akainuka kwenye kona, mkono tayari umenyooka kwenda kwenye spika. Nikamdaka upindo wa gauni, nikamvuta akakaa. Sauti ilikuwa haijakatika hata kidogo. Mimi niliyekuwa mlangoni, na magari yanapita, nilikuwa nimesikia kila neno.

"Mwache," nikamnong'oneza. "Hapo hakuna cha kutengeneza."